Kuandika Bila Kuandikwa

Kiswahili kina mchezo mmoja ambao nimeishi nao kwa miaka mitatu sasa. Kuandika ndiyo kazi ninayofanya. Kuandikwa ndicho kitu ambacho sijawahi kufanyiwa. Mwambie mzee yeyote wa hapa Mukuyuni kwamba wewe ni mwandishi, ataitikia kwa heshima, kisha atauliza: "Vizuri. Na umeandikwa wapi?" Anamaanisha kampuni gani, ofisi gani, nani anakulipa mwisho wa mwezi. Herufi moja tu, w, inakutoa kwenye meza ya mtunzi na kukusimamisha kwenye foleni ya wenye barua za ajira.

Mimi sina barua hiyo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipotushinda nyumbani, na tangu hapo nakula kwa makala. Tovuti hii inataka maneno 800 juu ya mikopo ya simu, ile inataka 1,200 juu ya kupunguza kitambi. Usiku, bando likiwa limebaki, naandika yangu. Najua wengi mnaosoma hapa mko hivyo hivyo, uwe Umoja, Kisauni, Kisumu au hapa karibu Wote. Na swali linalotusumbua ni lile lile: nani hasa humpa mtu ruhusa ya kujiita mwandishi? Chuo? Mchapishaji? Tuzo?

Nimelitafutia jibu karibu na nyumbani, katika historia ya watu wa Ukambani walioishi kwa kubuni vitu. Jibu lenyewe lina pande mbili, na naziweka mezani mapema ili usinifuate gizani. Wa kwanza unatufurahisha: karibu wote walianza kabla mtu yeyote hajawaandika. Wa pili hatupendi kuusikia: hakuna aliyefika mbali peke yake. Kila mmoja ilibidi ajenge karakana, soko au baraza, au aingie katika ile aliyoikuta.

Kabla ya karatasi

Jina la kwetu limetoka kwa mti. Mukuyu kwa Kikamba ni mkuyu kwa Kiswahili, na Mukuyuni ni penye mkuyu. Ni mti wa kivuli kipana, na penye kivuli kipana watu hukaa, na wakikaa huongea. Nadhani fasihi ya sehemu nyingi za nchi hii ilianza hivyo, na haikusubiri kalamu.

Wakamba walikuwa na neno la mtunzi muda mrefu kabla ya shule ya kwanza: ngui. Huyu ndiye aliyetunga wimbo na kuuongoza uwanjani, wengine wakiitikia na kucheza. Ngui aliweza kumsifu mtu, na aliweza kumchana mchoyo au kiongozi mjeuri mbele ya kijiji kizima. Hakuwa na cheti. Mtihani wake ulikuwa pale pale: waitikiaji wakilegea, wimbo umekufa. Wakiubeba na kwenda nao kijiji cha pili, umeishi. Hebu fikiria mhariri wa namna hiyo, uwanja mzima wenye miguu, na kila mguu una maoni.

Kulikuwa pia na susu, yaani nyanya, na ng'ewa zake za jioni: fisi mlafi, sungura mjanja, msichana aliyechukuliwa na zimwi. Wajukuu walizijua tayari. Hawakumsikiliza ili wajue mwisho. Walitaka kujua leo susu atamwigiza fisi vipi. Watu wanaodhani ubunifu ni kuvumbua jambo ambalo halijawahi kusikika duniani hawajakaa na susu. Fisi alikuwa wa wote, lakini sauti ya fisi ilikuwa yake.

Halafu kuna kiondo, kwa Kikamba kyondo, wingi wake syondo. Mama zetu walisuka wakitembea. Anaenda mtoni, mtungi mgongoni, vidole vinapitisha uzi wa katani, na kiondo kinakua kadiri njia inavyokwisha. Hakuna aliyemtengea saa ya ubunifu wala chumba chenye dirisha linalotazama milima. Milima aliipanda. Nikisikia mtu akisema ataandika riwaya siku atakapopata utulivu, huwa nawakumbuka wale akina mama. Kiondo hakikusubiri utulivu.

Karatasi ilikuja na wageni. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara ya pembe iliyoshuka hadi pwani. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya kutoka huko. Mwaka 1850 tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen, Ujerumani. Kwa hiyo moja ya vitabu vya kwanza kabisa vya lugha yetu kilitolewa na mgeni, mbali na msemaji yeyote wa lugha yenyewe. Silalamiki. Nataka tu uone kilichobadilika. Zamani aliyekubali wimbo alikuwa uwanja. Sasa akatokea mtu wa tatu, mwenye mashine ya kuchapa, anayeamua lipi litoke. Tangu hapo mtunzi wa Ukambani amekuwa na kazi mbili: kutunga, na kutafuta njia ya kumfikia msikilizaji bila kusimama nje ya mlango wa mtu milele.

Twiga wa Wamunyu

Mtu wa kwanza ninayetaka umjue hakuandika hata ukurasa. Alikuwa mchongaji. Mutisya Munge alitoka Wamunyu, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, na inasimuliwa kwamba hata kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alisifika kijijini kwa kazi za mti. Vita vikampeleka Tanganyika, na huko akakutana na wachongaji wa sanamu. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine Wamakonde. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga sanamu za kuuza, jambo ambalo Wamunyu haikulizoea. Vigoda na vijiko vilikuwapo tangu zamani, lakini sanamu ya mtu ya kuwekwa tu mezani itazamwe, hiyo ilikuwa kitu kingine.

Angeweza kuificha siri hiyo. Badala yake ufundi ulienea, kwanza kwa ndugu, kisha majirani, kisha eneo zima. Wanaume walikaa chini ya miti na tezo zao, mwanafunzi akianza na kazi ya kupiga msasa, akipanda polepole hadi kuchonga uso. Wachuuzi walizibeba sanamu hadi Nairobi na Mombasa, na baadaye ng'ambo. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba walioko Mombasa waliunda ushirika wao, Akamba Handicraft, pale Changamwe. Kutoka kwa mtu mmoja aliyerudi vitani na wazo, maelfu ya familia walipata mlo na karo.

Lakini subiri. Ingia leo duka lolote la watalii utawaona: twiga, twiga, twiga. Morani na mkuki. Jozi ya vijiko vya saladi yenye vichwa vya swara. Soko lilisema linataka twiga, na Wamunyu ikampa soko twiga hadi miti ikapungua. Muhugu, mti uliopendwa na wachongaji, ulikatwa sana hivi kwamba kufikia miaka ya tisini kukawa na juhudi za kuwahamishia kwenye mwarobaini na miti mingine inayokua haraka.

Nimewaza sana juu ya hao twiga, kwa sababu mchana mimi ni mchonga twiga. Makala ya "njia saba za kuokoa pesa" ni twiga. Nimechonga mamia, na ninaweza kumchonga mmoja nikiwa nusu usingizini. Na siwadharau. Twiga amewalipia watu karo, na aliyemchonga vizuri ni fundi. Kuna vijana kibao nchini hii wanaoandika insha za wanafunzi wa ng'ambo, insha nzuri tu, na jina lao halionekani popote. Sitaki kusikia mtu mwenye mshahara akiwacheka.

Ila twiga ana hatari yake, na wengi tumeanza kuiona. Mwishoni mwa 2022 ChatGPT ilipotoka, wateja wangu wawili waliacha kunijibu kabla mwaka uliofuata haujafika katikati. Mashine imejifunza kuchonga twiga, bana, na haichoki wala haiombi nauli. Kinachoweza kunakiliwa kitanakiliwa. Ndiyo maana namrudia Mutisya mwenyewe na siishii kwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Yeye alichukua ufundi wa mbali, akauchanganya na mkono uliozoea vitu vya kwao, akatoa kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Twiga alikuja baadaye.

Mwanafunzi wa Mulango

Usije ukadhani nasema shule haifai. Kitui hiyo hiyo ilimtoa mtu aliyepanda ngazi zote za shule na bado akabaki mtu wa ng'ewa.

John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 Mulango, nje kidogo ya mji wa Kitui. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, kisha Marekani, kisha Cambridge, ambako alipata udaktari mwaka 1963. Dunia inamjua kwa African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka 1969 na kusomwa vyuoni karibu kila bara. Katika kitabu hicho alieleza nadharia yake ya wakati kwa maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayaacha hivyo hivyo bila kuyavisha suti. Wanafalsafa wamebishana na nadharia hiyo tangu hapo, wengine wakiipinga vikali. Lakini hebu ona: profesa wa London au Tokyo anayetaka kumpinga Mbiti lazima kwanza aseme "sasa" na "zamani".

Hata hivyo kitabu kinachonigusa mimi zaidi ni kidogo kuliko hicho. Mwaka 1954, akiwa bado na ishirini na kitu, miaka tisa kabla ya kuitwa daktari, Mbiti alitoa hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake. Mtu mwenye Kiingereza cha Makerere aliamua kuandika kwa lugha ya susu. Mwaka 1966 kikafuata Akamba Stories, mkusanyiko wa ng'ewa alizozikusanya kwa watu wa kwao na kuzitafsiri. Alikuwa na digrii za kumtosha mtu kuongea maisha yake yote. Yeye alizitumia kukaa na kusikiliza.

Kisha akaishi Uswisi kwa miongo kadhaa, akiwa mhadhiri na mchungaji wa kanisa katika mji mdogo wa Burgdorf. Ungedhani Kikamba kingemkauka mdomoni. Lakini uzeeni alikamilisha tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, ikazinduliwa miaka michache kabla hajafariki mwezi Oktoba 2019. Ukikumbuka Krapf na Tübingen, utaona duara limefungwa. Kazi iliyoanzwa na mgeni Mjerumani akiwa kwetu imekamilishwa na mwana wa Mulango akiwa ugenini.

Kwa hiyo cheti si mlango wala si ukuta. Aliyekipata bado ilibidi asikilize. Aliyekikosa hajapoteza masikio.

Jirani wa Kilungu

Sasa tuje kwa jirani. Upande wa magharibi wa Mukuyuni kuna vilima vya Kilungu, baridi asubuhi, vimejaa ngazi za mashamba. Huko ndiko alikozaliwa David Maillu mwaka 1939. Ukiwataja waandishi wa Kenya mbele ya mtu aliyekuwa kijana miaka ya sabini, atamtaja Ngũgĩ kwa sauti ya darasani, kisha atamtaja Maillu huku akitabasamu na kutazama kama watoto wako karibu.

Maillu hakupitia chuo kikuu. Baada ya shule ya kwao alijisomea kwa njia ya posta, masomo yakija kwa bahasha. Alikuwa pia mchoraji, na kazi ya kuajiriwa aliyoipata ilikuwa ya michoro katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali. Yaani yeye alikuwa ameandikwa, tena na serikali, kazi ambayo mzazi yeyote wa Ukambani angeisherehekea kwa mbuzi.

Ili uelewe alichokifanya, kumbuka hali ya wakati ule. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alilalamika hadharani kwamba Afrika Mashariki ni jangwa la fasihi. Mwaka 1966 Okot p'Bitek akatoa Song of Lawino, na mwaka huo huo Grace Ogot akatoa The Promised Land. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ifutwe, fasihi ya Afrika ikae katikati. Mwaka 1971 Charles Mangua akatoa Son of Woman, riwaya ya mtaani iliyosomwa kama maandazi ya moto yanavyoliwa. Jangwa lilikuwa linachipua. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mwembamba, na walinzi wake walikuwa wahariri na wahadhiri.

Maillu akajenga mlango wake. Alianzisha kampuni, Comb Books, akaanza kujichapisha. Kitabu chake cha mwaka 1972, Ki Kyambonie, kilikuwa cha methali za Kikamba. Mwaka 1973 vikaja Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na mwaka 1974 After 4.30. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya bei ya mfukoni, kwa Kiingereza ambacho karani angeweza kukisoma kwenye basi bila kamusi. Vingine vilikuwa mashairi marefu, lakini mlevi anaongea na chupa yake kwa namna ambayo hukumbuki kwamba unasoma shairi. Kimoja kina mtumishi wa serikali anayeimaliza maisha yake Nairobi kwa pombe na wanawake. Kingine kinahusu makatibu wa ofisini na wakubwa wao, na mambo yanayotokea saa kumi na nusu jioni ikipita.

Wasomi wengi walikunja uso. Waliviita takataka, ponografia, fasihi ya choo. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Na watu walivinunua kwa wingi. Mhasibu mdogo, muuguzi, kondakta, mtu ambaye tangu atoke shule hakuwa amegusa kitabu, alinunua Maillu, akamaliza, akampa mwenzake.

Sitakuambia vitabu hivyo havina lawama. Ukiwasoma wanawake wa Maillu leo, mara nyingi unajiuliza walikuwa na mawazo gani wenyewe, kwa sababu mwanamume wa kitabuni anaongea sana kwa niaba yao. Lakini kuna jambo alilolielewa kuliko wakosoaji wake: watu waliohamia mjini walikuwa na aibu mpya, hamu mpya na upweke mpya, na hakuna aliyekuwa anawaandikia juu yake. Ngui wa zamani alimchana mchoyo wa kijiji uwanjani. Maillu alimchana bosi wa Nairobi kwenye kitabu cha mfukoni.

Gharama aliilipa pia. Comb Books haikufika mwisho wa muongo ule, ilianguka. Mtu mwingine angerudi kuomba kazi na kunyamaza. Maillu aliandikia mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, uliosomwa Afrika nzima, na mwaka 1980 ukatoa For Mbatha and Rabeka na The Equatorial Assignment, riwaya ya jasusi wake Mwafrika, Benni Kamba. Kisha akaanzisha kampuni nyingine, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya ya zaidi ya kurasa elfu moja. Yule mtu wa vitabu vyembamba!

Na kuna viwili vya katikati ambavyo kila kijana anayeandika kwa lugha ya mtaani anapaswa kuvijua: Without Kiinua Mgongo cha mwaka 1989, na Anayekukeep cha mwaka 1990. Humo Kiingereza na Kiswahili vimechanganywa ndani ya sentensi moja, kama tunavyoongea kwenye matatu. Alifanya hivyo miaka kumi na zaidi kabla ya majarida ya mjini kuona kwamba inawezekana. Kiinua mgongo, kama unajua, ni ile pesa anayopewa mtu akimaliza kazi yake ya kuandikwa. Aliyejichagulia kuandika haipati, na nadhani Maillu alijua anachosema.

Nje ya darasa, ndani ya intaneti

Kutoka Kilungu niruhusu niruke Nakuru kidogo, kwa sababu jukwaa hili unalosomea lina babu yake huko.

Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara, hakumaliza. Alibaki akisoma riwaya, akipika, akiandika. Mwaka 2002 alishinda tuzo ya Caine kwa Discovering Home, maandishi yaliyokuwa yametoka kwenye jarida la intaneti, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba kilichotoka kwenye intaneti kimechapishwa kweli. Angeweza kuichukua sifa akaondoka nayo. Badala yake, mwaka 2003, yeye na wenzake wakatoa jarida la Kwani?, lililofungulia mlango Sheng, vibonzo, na watu wasio na jina. Mwaka huo huo Yvonne Adhiambo Owuor akashinda Caine kwa hadithi iliyotoka Kwani?. Toleo la kwanza tu, na tayari uwanja ulikuwa umemtoa ngui mwingine.

Kutoka kwenye mkondo huo ikaja Jalada, kikundi cha waandishi vijana kilichoanza 2013. Mwaka 2016 walichukua hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Gĩkũyũ, wakaitoa kwenye tovuti yao katika lugha zaidi ya thelathini kwa mpigo. Kikamba kilikuwamo. Nilipoisoma kwa Kikamba, kwenye simu, kitu kilihama kifuani. Hiyo lugha niliijua ya kuagizwa maji, ya kukemewa, ya mazishi na ya sokoni. Kumbe inaweza pia kukaa kwenye skrini pamoja na lugha nyingine zote, na isionekane mgeni.

Na wanaodhani Kiswahili ni cha pwani pekee, wamtazame K. W. Wamitila, mwenye jina la kwetu kabisa, aliyetoa Bina-Adamu! mwaka 2002 na kuichezea riwaya ya Kiswahili kwa namna ambayo walimu bado wanabishana nayo. Lugha haikuulizi ulizaliwa wapi. Inauliza unaifanyia nini.

Basi kuandika ni nini?

Nikiwaweka wote hawa pamoja, mchongaji, mwanatheolojia, mchapishaji wa vitabu vya mfukoni na yule mwanafunzi asiyemaliza, naona kwamba ubunifu si hali ya moyo. Si kusubiri maono huku ukinywa kahawa. Ni mambo matatu ya kawaida sana.

La kwanza ni mkono uliozoea kazi. Mutisya alikuwa na tezo kabla hajaiona sanamu. Maillu alikuwa na penseli ya kuchorea kabla hajapata kampuni. Hata twiga wangu wa mchana wamenifundisha kumaliza sentensi, na sitawatupa.

La pili ni sikio. Mbiti aliwasikiliza wasimulizi wa kwao, Maillu akawasikiliza walevi na makarani, Binyavanga akaisikiliza mitaa. Mashine imesoma kila kitu kilichochapishwa, sawa. Haijakaa Mukuyuni jioni ya msimu wa embe ikasikia mama wawili wakibishana na dalali wa Nairobi juu ya bei ya kreti, na mmoja akamshinda kwa methali. Hapo pana ng'ewa ambayo haijaandikwa na mtu, na mimi naishi dakika kumi kutoka hapo.

La tatu ni uwanja, na hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Tunaandika peke yetu, tunatuma peke yetu, tunanyamaziwa peke yetu, kisha tunahitimisha kwamba hatuna kipaji. Lakini Wamunyu ilikuwa na kivuli na mwalimu. Changamwe ilikuwa na ushirika. Kwani? ilikuwa na marafiki na kelele. Mwandishi asiye na uwanja ni ngui anayeimba chumbani, hatajua kamwe kama kiitikio kinashika. Sisi hapa tuko watano, wawili wako Machakos, na kila Jumamosi tunatumiana kurasa na kusomeana kwa rekodi za sauti kwenye WhatsApp. Hakuna anayelipwa. Mmoja wetu, fundi wa pikipiki, ndiye mkali kuliko wote. Akisema "hapa nimelala," unarudi kuandika upya.

Nani basi anatoa ruhusa? Kwa historia ya vilima hivi, ruhusa huja nyuma ya kazi, ikija. Comb Books haikuomba, na jarida la intaneti halikuwa na muhuri wa mtu. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayekuhakikishia chochote, wala mshahara, wala sifa, wala kiinua mgongo. Unaweza kuanguka kama Comb Books ilivyoanguka. Mimi naijua hesabu hiyo, na kodi ya nyumba inanikumbusha kila tarehe tano. Bado nimeichagua.

Kiswahili kina maana nyingine ya neno letu, ambayo watu wa pwani wanaitumia hadi leo. Kuandika meza ni kuipanga: sahani, vikombe, kila kitu mahali pake, ili wageni wakija wakae wale. Maana hiyo inanitosha kuliko ile ya barua ya ajira. Mwandishi ni anayeandika meza. Hakuna aliyemwajiri kufanya hivyo. Amejua tu kwamba kuna watu wako njiani, na watafika na njaa.